Mwenye Nyumba Husimama

Novi Sad, 14 Septemba

Baba yangu,

Nabusu mkono wako. Natumai goti limekupa nafasi ya kupumua na kuku wanataga. Mimi ni mzima, na leo nina jambo, kwa hiyo keti kwanza.

Barua zangu za miaka minne, kwamba naishi kwa rafiki, zilikuwa uongo. Kiwanda cha viatu kilipofungwa nilishindwa kodi. Nikalala stendi ya mabasi, halafu kwenye bweni la dharura linalokutoa nje saa moja asubuhi. Ndiyo maana sikuja hata mara moja siku ya Mtakatifu Dimitri, sikukuu ya ukoo wetu. Ningeingiaje na mfuko wa plastiki mbele ya wageni wako? Niliona haya, Baba.

Sasa nina ufunguo. Kuna shirika linalompa mtu nyumba kwanza, mengine baadaye. Nina chumba kimoja, jiko, na bafu lenye mlango unaofungwa kwa ndani. Tijana wa shirika huja kila Jumatano kunijulia hali, namchemshia kahawa. Juzi nilipiga deki huku nacheka peke yangu kama mwehu, kwa sababu sakafu ni yangu.

Natamani kitu kimoja tu: mwaka huu niwashe mshumaa wa Dimitri hapa kwangu. Nipe ruhusa. Nakualika uje.

Binti yako,
Vidosava

*

Kijijini, 22 Septemba

Vidosava,

Goti bado lipo, kuku wamegoma. Asante kwa kuuliza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nikatoka kupasua kuni, ya tatu nikalia. Miaka minne nawaambia majirani binti yangu ana maringo ya mjini. Kumbe vyumba viwili hapa vimejaa mahindi na wewe unalala stendi. Ungekuja na huo mfuko wako, mjinga wewe.

Ila mshumaa, hapana. Mtakatifu wa ukoo hupita kwa mtoto wa kiume, na mimi sina. Nikifa utazimika nami, nimeshakubaliana na Dimitri. Tena nyumba ya kupewa na ofisi, leo wanakupa, kesho wanakutoa. Hapo si kwako.

Na jingine. Nani kakufundisha kualika watu siku ya Dimitri? Mwenye mlango huuacha wazi, anayemjua huja. Kualikwa na mwanangu wa kumzaa! Sijatukanwa hivyo tangu jeshini.

Baba yako

*

Novi Sad, 5 Oktoba

Baba,

Nabusu mkono, na goti pia kama litasaidia.

La kualika umesema kweli. Nilisahau, maana miaka minne sikuwa na mlango wa kuacha wazi.

Lakini hapa ni kwangu. Mkataba una jina langu, mita ya umeme ina jina langu. Na hilo la mtoto wa kiume: mama alipougua, nani alikanda mkate wa Dimitri? Miaka sita, mikono hii hii, na wewe ukiula bila kuuliza ya nani.

Tijana amesema mshumaa ruksa, mradi usiachwe peke yake hata dakika moja. Utawaka mchana kutwa, kwa hiyo majirani wamegawana zamu. Ranko wa chini, aliyelala miaka tisa chini ya daraja, ameomba zamu ya asubuhi. Bibi Etelka ni Mhungari, kwao hawana mtakatifu wa ukoo, naye amechukua zamu mbili.

Nitawasha, Baba, uridhie usiridhie. Na sikualiki. Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani.

Binti yako,
Vidosava

*

Novi Sad, 1 Novemba

Baba,

Nabusu mkono. Mwezi mzima umenyamaza. Kama ni goti, niambie. Kama ni hasira, endelea nayo, ila ujue ngano nimeshanunua na Ranko amenyoa ndevu. Mimi silali vizuri. Bila wewe itakuwa mshumaa tu.

Vidosava wako

*

Kijijini, 12 Novemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimefika nyumbani salama, goti limelalamika kwenye basi njia nzima. Kuku wametaga mayai mawili, nadhani kwa hasira.

Majirani hapa wamenijia juu. Walikuja siku ya Dimitri kama kila mwaka, wakakuta geti limefungwa na karatasi yangu: "Mwaka huu ni Novi Sad, kwa binti yangu, ghorofa ya tatu." Wakaniuliza, haya, ilikuwaje huko?

Nikawaambia mlango ulikuwa wazi. Ranko ameketi mbele ya mshumaa, hapepesi macho. Hakuinuka hata kunisalimu. "Samahani mzee, niko zamu." Nikammiminia rakija, ile pombe yetu kali, akafunika glasi kwa kiganja, mwaka wa pili hanywi. Kwangu mtu akikataa glasi siku hiyo tunanuniana mpaka Pasaka. Nikajimiminia maji ya matunda, nikanywa naye. Bibi Etelka akanilisha kabichi za nyama mpaka nikalegeza mkanda.

Hayo niliwaambia. Hili nililiacha. Miaka hamsini sijaketi siku ya Dimitri, maana mwenye nyumba husimama akihudumia wageni. Kwako pia nilisimama kando ya meza kwa mazoea, natafuta chupa. Ukanishika bega ukasema, "Keti, Baba. Leo nasimama mimi." Nikaketi. Tulipovunja mkate, safari hii nilijua ni wa mikono ya nani. Asante.

Ile picha ya Dimitri ya ukoo wetu, niliyoiacha juu ya kabati lako, sikuisahau. Usinirudishie.

Mwakani hapa hapatawashwa kitu. Nitakuja huko na basi la kwanza, niiwahi zamu ya asubuhi kabla ya Ranko. Usinialike.

Baba yako,
mgeni wako