Somo, Nyota Zako Zimefutwa

Somo yangu Bi Zuhura,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyenifunda, na siku yenyewe ikafika hupo. Selemani wa Salale, yule uliyesema ana masikio makubwa lakini anasikiliza, ni mume wangu wiki ya tano sasa. Nina furaha mpaka naona haya. Ananiita "mke wangu" hata akiomba chumvi. Asubuhi ananibebea ndoo za kazi mpaka barabarani, watu wa Kibiti wanacheka, naye anawajibu, "Chekeni, mimi nimeoa."

Na huyo huyo, kwa mapenzi yake, ameiua kazi yako.

Unakumbuka ulivyotafuta wateja. Wa kusafishiwa nyumba mara moja kwa ajili ya Idi uliwapokea, lakini uliowataka hasa ni wa kila wiki: nyumba za wageni, ofisi, zahanati. Ulisema hao hawatujui, watatutafuta kwenye ramani ya simu na kusoma wenzao wamesemaje. Kwa hiyo kila tulipomaliza kupiga deki ulimwambia mteja, "Andika ulichokiona, usinipambe." Ukamjibu kila mmoja. Yule aliyelalamika tumeacha nywele kwenye sinki, ulinirudisha kwanza nikalisugue, ndipo ukamjibu. Miaka yote ile, sifa moja moja.

Harusini, akina mama waliokuja kwa boti kutoka Salale walipofungua pochi kunitunza, Selemani alishika kipaza sauti. "Leo msimtunze mke wangu hela. Mtunzeni nyota." Vigelegele, simu zikatoka. Akapita mkeka kwa mkeka akiwaonyesha pa kubonyeza kwenye ukurasa wetu wa ramani. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuniona na fagio, aliandika: "Bi harusi mzuri, ana adabu. Nyota tano." Nami nimekaa pale nimepambwa, nikajiona nimependwa kuliko mwanamke yeyote Rufiji nzima. Sikumzuia, Somo. Hilo ndilo linaloniuma.

Baada ya siku tatu wenye ramani, wakidhani tumenunua sifa, walifuta yote. Ya harusini, na ya kwako pia. Yale maneno, "Bi Zuhura mwaminifu, nilimwachia ufunguo nikasafiri", nilikuwa nayasoma kila nikikukumbuka. Sasa sina pa kuyasoma.

Wiki hii msimamizi wa nyumba ya wageni ya barabara ya Lindi ameniita. Bosi wake yuko Dar, anatujua kwa simu tu. "Dada Riziki, bosi anauliza mbona hamna hata sifa moja. Anasema nimemletea matapeli." Ametupa mpaka Ijumaa tuwe na sifa za kumwonyesha. Akituacha huyo, mimi na Mama Shani, tuliobaki kazini wawili tu, tunabaki na nini?  Yeye anaendelea kufua matambaa ya deki.

Selemani amelia. Anasema ataenda Dar kwa miguu akamwombe bosi radhi. Najaribu kumkasirikia, nusu saa haijaisha namwona anakoroga uji wangu, basi, hasira imekwisha.

Nimewazungukia wateja wako wa zamani niwaombe waandike tena. Wengi wameahidi. Mmoja tu ameandika, yule mwalimu mwenye zulia la kijani: "Kazi ya Bi Zuhura ilikuwa nzuri sana. Siku hizi simwoni, sijui kama wamebaki vilevile." Nyota tatu.

Niliyakodolea macho maneno hayo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Maana kwenye ukurasa ule wewe ulikuwa bado hai. Tangu tukuzike, kila jibu nililoandika nililitia jina lako. Nilishindwa kukutoa. Leo nimeandika: "Mwalimu, Bi Zuhura ametutoka. Yeye ndiye aliyenifundisha. Naomba nije kesho nisafishe zulia, kisha unipime mwenyewe. Riziki." Nikabonyeza kutuma kwa mkono ule ule uliokuosha siku ya maziko.

Bosi hajasema kitu, na Ijumaa ni keshokutwa. Sijui kama tutapona. Ninachoweza kukuahidi ni kimoja: sitapokea tena sifa ya mtu ambaye sijainama kwenye sakafu yake.

Pumzika sasa, Somo. Neno lolote litakaloandikwa kuanzia leo, zuri au baya, litanikuta mimi.

Mwali wako,
Riziki