Majina Matatu Ndani ya Chupa

Jumapili, saa kumi za mchana. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijachoka. Nimekaa na viatu vyenye matope ya Alunguli, ng'ambo ya mto, sijavivua, na nguo zinanikaukia mwilini. Sina hamu ya kula, sina hamu ya kuoga. Hata kuandika sitaki, lakini nikinyamaza tena leo nitapasuka.

Mnaosoma ukurasa huu mnajua ninavyoandika siku nyingine. Nimeficha kikopo wapi, kimedumu miezi mingapi, mchwa wamekula nini wakashindwa nini. Huwa nacheka, najisifu. Leo hakuna cha kujisifu. Kazi ya mikono yangu, ile ninayoijua kuliko zote, imemfukuza Mama Mwayuma nyumbani kwake.

Nianze mwanzo, maana hata kichwa changu kinahitaji kupangwa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kindu. Miaka mitatu iliyopita, kwenye semina Kisangani, nilifundishwa mchezo ambao huko mbali wanauita geocaching. Unaficha chombo kidogo nje, unaweka alama ya mahali kwenye ramani ya simu, na mwenzako anakuja kukitafuta. Akikipata, anaandika jina lake na siku kwenye karatasi iliyo ndani, anakifunga, anakirudisha palepale. Basi. Zawadi hakuna. Nilirudi nyumbani nikawaambukiza watu wawili tu: Ramazani, aliyefundisha hesabu shuleni kwetu, na Kisubi, fundi wa redio. Watu wazima watatu tunaruka mitaro ya mtaa wa Kasuku kutafuta kopo la maziwa! Waliotuona walitingisha vichwa, na sisi tulizidi kufurahi.

Lakini kuficha kwenyewe sikufundishwa Kisangani. Kuficha nilifundishwa na baba, miaka ya vita.

Nilikuwa na miaka tisa. Wakati ule kila kiwanja kilikuwa na shimo lake, na shimo la jirani hukuuliza liko wapi. Watu walifukia vitambulisho, vikwembe vya kuvaa harusini, na chumvi, kwa sababu chumvi ilikuwa imekuwa dhahabu. Baba alikuwa na ufundi wake: chupa ndogo ndani ya chupa kubwa, majivu makavu katikati, kizibo kinazibwa kwa nta ya nyuki, na juu ya nta unazungusha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, unaukaza hadi vidole vinauma. Tulikaa porini misimu miwili ya mvua. Tuliporudi na kufukua, chumvi yetu ilikuwa kavu, inamwagika yenyewe.

Tuliikuta kwa sababu ya Mama Mwayuma. Yeye alikuwa jirani yetu na hakukimbia. Mume wake alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea. Majirani wote walimwachia siri ya mashimo yao, ili kama hatutarudi, watoto watakaopona wajue pa kuchimba. Wenye bunduki walikuja wakamuuliza. Walimvunja vidole viwili vya mkono wa kushoto na bado hakusema. Baba alikuwa anatusimulia hilo kila tulipokula, mpaka tukachoka kulisikia.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Miezi minane iliyopita nilitafuta mahali pa kuficha chombo kitakachodumu miaka. Nyuma ya nyumba ya Mama Mwayuma kuna kichaka cha mianzi, udongo wake haubaki na maji, mbuzi hawafiki. Nilienda kumwomba ruhusa, nikamweleza kwamba ni mchezo, tunataka watafutaji wapate shida. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia, "Ficha tu, mutoto yangu. Kinywa yangu inajua kufungwa, weye mwenyewe unajua."

Nikaficha. Chupa ndani ya chupa, majivu, nta, mpira. Ufundi wa baba.

Ramazani alikuwa wa kwanza kuipata. Aliandika jina lake kwa kalamu nyekundu, kwa sababu mwalimu gani wa hesabu anatembea na kalamu nyingine? Chini yake Kisubi akaandika kwa bluu. Mimi nikaandika la mwisho, siku niliyokwenda kukagua kama unyevu umeingia. Majina matatu na siku zake, yamefungwa, yamefukiwa ardhini chini ya mianzi ya mwanamke mzee anayeishi peke yake.

Mimi mzaliwa wa hapa, niliyelelewa hapa, sikuona kitu! Mtoto mdogo wa Kindu anajua kwamba jina la mtu halifukiwi. Ukucha wake haufukiwi, nywele zake hazifukiwi, sembuse jina, tena jekundu. Nilikuwa nimeshughulika na unyevu.

Siku ya Jumanne, Ramazani alifariki. Homa ya siku nne, tumbo limevimba, hospitali wakasema ameletwa wakati umekwishapita. Alizikwa jioni ileile. Rafiki yangu. Aliyekuwa akinipigia simu saa za kazi kunicheka kwamba maficho yangu ni rahisi kama kujumlisha moja na moja. Sijamlilia sawasawa hata sasa, nafasi sijaipata.

Jumatano asubuhi mvua ilitishia, na watu wa matanga walikuwa wengi. Vijana walitumwa kukata mianzi kwa Mama Mwayuma ili waongeze kibanda. Aliwapa kwa moyo wote, na yeye mwenyewe akaja kukaa na kina mama. Haikupita nusu saa wakarudi mbio, mmoja ameshika chupa yangu, iliyochimbuka kwenye mizizi ya mianzi, mbali na mwili wake kama ameshika nyoka.

Waliivunja mbele yetu. Karatasi ikatoka kavu kabisa, safi kama imetoka dukani leo. Hilo njo lililowatia wazimu zaidi. Miezi minane ya mvua na karatasi haina hata doa! Nani anaweza kufunga kitu namna hiyo kama si mtu mwenye dawa zake? Mjomba wa Ramazani akasoma jina la kwanza, jekundu. Vilio vikapanda.

Kisha akasoma la tatu, na wote wakanigeukia mimi.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini kabla neno halijatoka shangazi wa Ramazani alikuwa ameshanikumbatia, ananitikisa, machozi yake shingoni kwangu: "Aka, Sifa! Hata weye alikuandika! Mungu njo alikulinda!" Kina mama wakanizunguka. Mmoja akanifunika kikwembe mabegani. Mwingine akaniletea maji. Nilianza kulia na wao wakadhani nalia kwa woga wa kufa.

Nilikuwa naogopa kweli, ila niliwaogopa wao. Niliona mikono ile inayonipapasa, nikawaza itakavyogeuka nikisema kwamba chupa ni yangu.

Juu ya mabega yao nilimwona Mama Mwayuma. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, watu wameshamwachia nafasi pande zote. Walimuuliza hii ni nini. Walimuuliza nani alifukia. Aliniangalia, mara moja tu, wala si kwa hasira. Akasema, "Si yangu." Walimuuliza ni ya nani basi. Hakujibu tena.

Angeweza kusema. Neno moja tu, ya Sifa, na angekuwa bado yuko nyumbani kwake.

Nikaenda nyumbani nikajifungia. Nilijiambia nitasema kesho, hasira zikipoa. Alhamisi wakamng'olea mabati na kuchoma jiko lake la nje. Nikajiambia nitamwendea kwanza shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, jambo kama hili lina utaratibu wake. Aibu gani! Mwenzangu anabomolewa nyumba na mimi natafuta utaratibu. Ijumaa alfajiri alishuka mtoni na kitita kimoja, akavuka kwa mtumbwi kwenda kwa binti wa ndugu yake huko Alunguli. Hakuna aliyemsindikiza.

Ndipo ulimi wangu ukafunguka, sasa kwa kuwa hayupo.

Jana Jumamosi nilisimama matangani nikasema yote. Nilileta mpira wa tairi, nilileta nta, nikafunga chupa nyingine mbele ya macho yao. Nilionyesha simu, ramani, alama ya mahali, maneno aliyoniandikia Ramazani mwenyewe ya kunicheka. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa, na upole ule ulinikata maini. Akasema, "Mwalimu, rudia kwako upumuzike. Muchawi akikamata muntu, anamusemesha. Kama ilikuwa yako, ungesema Jumatano."

Ana haki. Mtu ambaye hana kosa angesema Jumatano. Mtu mwenye kosa na moyo pia angesema Jumatano.

Walinipeleka nyumbani watu wawili wakinishika mikono, na kina mama wamepanga zamu ya kuniombea. Kisubi ameacha redio, yuko kwenye machimbo ya Kama anachimba dhahabu, simu haimpati wiki ya tatu sasa. Nimempa dereva wa pikipiki barua ampelekee: njoo, jina lako liko pale pia, tukiwa wawili labda watasikia. Labda. Na akija, watasema na yeye amekamatwa.

Leo nikavuka. Mvua ilikuwa inatupiga usoni, mwenye mtumbwi akanilaumu kwamba kuna safari gani isiyoweza kungoja. Nilitaka kucheka. Nimeshangoja vya kutosha kwa maisha yangu yote.

Nilimkuta barazani anamenya karanga kwa vile vidole vyake vitatu vilivyobaki vizima na kidole gumba cha mkono wa pili. Hata sijui kwa nini navihesabu, navijua tangu utoto. Alinivutia kigoda. Akauliza kama nimekula. Nilipiga magoti kwenye matope nikaomba msamaha, na yeye akanishika bega akasema inuka, mutoto, watu wanaangalia, watafikiri vibaya juu yako. Juu yangu mimi!

Nilimwambia kuhusu jana, kuhusu Kisubi na barua. Nikamwahidi watu wakiamini nitamrudishia mabati yake, nitamjengea jiko, nitamrudisha kwa mkono wangu. Akasikiliza huku akimenya. Akasema hapana, harudi. Hata wakiamini, atakuwa anarudi kwa watu walewale. Alikaa pale wakati wote wa vita akiwalindia mashimo, na Jumatano hakuna mmoja wao aliyemkumbuka. Alisema hivyo bila kuinua sauti, akapuliza maganda.

Nikamuuliza swali nililolibeba tangu Jumatano. Kwa nini hukunitaja, mama? Chupa ulijua ni yangu.

Alinitazama kama vile mtu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza kitu kilichoandikwa ubaoni.

"Ulikuwa pale," akasema. "Nikasema ndani ya roho, Sifa atasema sasa. Nikangojea. Nikangojea tena Alhamisi, wanatosha mabati juu ya nyumba, nikasema sasa njo atakuja. Nilikungojea mpaka ndani ya mutumbwi."

Akanipa karanga mkononi, akanisukuma taratibu niende kabla mto haujajaa.

Sijazila. Ziko hapa mezani, zimeloa. Nje bado inanyesha na sijui nitaingiaje darasani kesho, nisimame mbele ya watoto na ramani, niwafundishe mahali vitu vilipo. Yeye alikuwa ananingoja mimi. Mimi nilikuwa namngoja nani?