Amplifaya ya Baba na Kuku wa Mama Moraa

Jumapili, Keumbu. Mvua ya alasiri imekatika sasa hivi, mabati bado yanadondosha maji, nami nina furaha mpaka nakosea kuchapa.

Imewezekana, shajara. Imewezekana!

Ngoja nianze mwanzo, maana mimi nikifurahi huanzia katikati. Ile amplifaya ni ya Baba. Aliipigia muziki wa benga miaka mingi huko kwetu ziwani, na vidole vilipomkakamaa akanipa mimi. Ni ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani. Na valvu zina kiburi. Ukipunguza sauti, gitaa linatoka kavu, uji usio na sukari. Ukiifungulia mpaka valvu zifanye kazi kwelikweli, nyuzi zinalia, zinakwaruza kwa utamu, na ukuta unatetemeka.

Ukuta wenyewe ndio ulioniponza. Upande wa pili ni banda la kuku la Mama Moraa, mwenye nyumba. Jumatatu alikuja na trei ya mayai isiyofika hata nusu, akaitua mezani kwangu.

"Achieng', hiyo mashine imefungia kuku yangu mayai. Jumapili nisikute nyinyi wawili hapa. Ama yeye, ama wewe."

Nilitaka kucheka, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. Chumba kama hiki, karibu na duka la vifaa vya ujenzi ninakouza, sitakipata tena. Na amplifaya ya Baba siuzi. Nilipomwazia akiuliza iko wapi, usingizi uliniruka.

Nikaanza vituko. Niliifunika blanketi, ikaimba kama mtu mwenye mafua, tena ikapata joto la kutisha, nikalivuta haraka. Nikaigeuza iangalie ukuta. Ndiyo, ukuta uleule wa kuku. Akili ni nywele, na mimi siku hiyo nilikuwa kipara.

Mwisho nikaamua kuchomoa spika kabisa, nisikilize kwa spika za masikioni. Bahati nzuri nilimpigia simu Yusuf kwanza. Yusuf ni rafiki yangu wa mjini Kisii. Kwao wanauza vitambaa, yeye anatengeneza redio.

"Usiwashe," alisema, na sijawahi kumsikia akipaza sauti hivyo. "Ukiiwasha bila spika unachoma transfoma."

Akanieleza kwamba nguvu ya valvu lazima ipate pa kwenda. Kisha akasema basi tuitafutie pengine pa kwenda.

Jana tulishinda kwenye meza yake tukiunga rizista nene, vile vipingamizi vya umeme, ndani ya kisanduku cha chuma. Kinakaa kati ya amplifaya na spika. Amplifaya inadhani inapiga ukumbi mzima, kisanduku kinameza sehemu kubwa ya nguvu na kuigeuza joto, spika inapata mabaki tu. Na joto si la mchezo. Leo kimenibabulia kitambaa cha meza, sasa kimekalia sahani ya jiwe laini la kuchonga la Tabaka, niliyoinunua ya kuwekea matunda nisiyoyanunua kamwe.

Alasiri nikawasha, nikafungua sauti karibu mwisho, nikafumba macho, nikapiga.

Gitaa lilikuwa linalia, na bado niliisikia mvua juu ya bati.

Sitadanganya, ule mng'ao wa juu umepungua kidogo. Lakini utamu wote uko pale, ule ulionilaza usingizi nikiwa mtoto. Nililia. Mtu mzima, na gitaa mapajani, nalia.

Sikusikia mlango. Nilipofumbua macho, Mama Moraa alikuwa amesimama hapo na beseni la chinsaga, mboga ya jioni. Leo ni Jumapili, na sisi wawili, mimi na amplifaya, bado tupo.

Akaniuliza ni stesheni gani hiyo inayopiga nyimbo za zamani. Nikamwambia si redio, ni mimi. Akaitazama amplifaya, akanitazama, akatazama vidole vyangu. Akavuta kigoda, akaketi, akaanza kuchambua mboga zake, nami nikaendelea kupiga kwa sababu sikujua la kufanya.

Fungu la tatu la mboga likaisha kabla hajanyanyua kichwa.

"Ongeza kidogo," akasema. "Masikio yangu imezeeka."

Ningekataa vipi, shajara?