Chungu Chini ya Mabati ya Baraza

Mpendwa Bibi Evaresta,

Shikamoo. Kabla sijakuomba msaada naomba nikusimulie furaha yangu, maana usipoijua hutaielewa hofu yangu: nimeolewa miezi mitatu sasa na Ndesanjo, kijana mrefu mwenye sauti nzito ya kwaya, na hata leo nikimwona anapita migombani akirudi nyumbani moyo wangu unaruka kama siku ile ya kwanza aliponipokonya ndoo mferejini akasema, "Binti wa darasa la kumi habebi maji nikiwapo mimi," na nyumba yetu hapa Nkoamuri, mlimani Meru, ni mpya kabisa, inanukia mbao, na imeezekwa mabati ambayo baba yangu, mjumbe wa Baraza, alitupa siku ya arusi, na mvua ikinyesha juu yake sisi wawili hucheka tu kwa kuwa hatusikilizani.

Mume wangu ni katibu wa chama cha walipa kodi, kile kinacholipinga Baraza, kwa sababu Baraza limekopa Serikalini maelfu ya pauni likajenga jengo la mawe na kununua motokaa, na sasa deni linalipwa kwa senti zinazokatwa katika kila ratili ya kahawa yetu. Mwezi uliopita wanachama walikutana sebuleni kwetu, nami nikimimina chai nikasikia yote. Ndesanjo alitaka wadai daftari la matumizi lisomwe mbele ya watu, lakini Mzee Nanyaro, mkubwa wao, akacheka.

"Mwanangu, tumeuliza mara tatu, na mara tatu tumeambiwa, 'Keti.' Chungu hakiambiwi keti."

Basi wakakubaliana kuvunja chungu, kama babu zetu walivyowafanyia wezi wasiojulikana. Siku jengo litakapofunguliwa, tarehe thelathini mwezi huu, kitapasuliwa mlangoni huku mzee akitaja laana, na aliyekula mali ya watu atakufa, yeye na wa nyumbani mwake. Ila kwa desturi chungu lazima kwanza kilale mwezi mzima katika nyumba ambayo haijawahi kutoa maiti, na hapo wote wakatugeukia sisi maarusi wakatabasamu. Mzee Nanyaro alikiweka mwenyewe chumbani kwetu, akaniambia, "Usikifunike. Kinasikiliza."

Bibi Evaresta, chungu hicho hakijatiwa tone la maji, na huu ni wakati wa kiangazi, lakini kila adhuhuri kinatoka jasho, nami nafuta, na nikirudi sakafu imelowa tena. Kuku wamehama upande ule wa nyumba. Nikikaa karibu nacho nasikia kama pumzi ndani yake, na pumzi hiyo inafuata yangu, nikiibana yangu nayo inasubiri. Nilipomwambia Ndesanjo alinikumbatia akasema, "Mke wangu, unakionea wivu chungu?" nami nikacheka, maana akinikumbatia siwezi kufanya jambo lingine.

Lakini juzi, saa saba mchana, nilikuwa nimejilaza kwa kichefuchefu, maana nimekosa siku zangu mara mbili na mume wangu bado sijamwambia, nikatazama juu. Jua lilikuwa kali, na rangi nyeupe iliyopakwa upande wa ndani wa mabati ilikuwa ikibanduka polepole, ikianzia bati lililo juu ya chungu, zikatokea herufi nyeusi, moja, kisha nyingine, mpaka nikasoma: MALI YA BARAZA LA NKOAMURI. Nilipanda kiti nikakwangua mengine. Yote ishirini na manne yana muhuri huo.

Nilikwenda kwa baba. "Ni mabaki tu, mwanangu," akasema, "kila mjumbe alichukua kidogo." Kisha akafunga mlango. "Nani mwingine ameona?"

Nikamwendea Mzee Nanyaro, nikamwuliza kama kwa mzaha iwapo laana inamgusa mtu asiyejua. Aliacha kutafuna. "Chungu hakiulizi ulijua au hukujua. Kinauliza umelala wapi."

Sasa nikimwambia mume wangu, ama atamfichua baba yangu ama atanyamaza kwa ajili yangu na chama kitamwita msaliti, na nikinyamaza, tarehe thelathini atasimama pale mlangoni pamoja na wenzake kumlaani mtoto wake mwenyewe bila kujua. Nifanye nini? Nampenda mno.

E. A., Nkoamuri, 6 Agosti 1956


JIBU

Binti yangu E.,

Hongera kwa ndoa, hongera kwa mimba, na pole. Sasa nisikilize bila kulia.

Mabati si kosa lako. Kosa lako ni kwamba umekwenda kwa baba, umekwenda kwa Mzee Nanyaro, umeniandikia hata mimi nisiyekujua, na mwenye nyumba ndiye peke yake asiyejua analala chini ya nini. Mapenzi gani hayo?

Na wazee wa chama chenu nitawasema pia, kwa kuwa najua wanasoma gazeti hili. Mnayo haki ya kuuliza mkopo umetumikaje. Anayelipa ndiye mwenye kuuliza. Lakini chungu kitawajibu nini? Wajumbe wakifa wote, kahawa yenu itakatwa senti zile zile, maana deni halizikwi na aliyelikopa. Na mwizi akiugua atasema ni malaria. Wapinzani wanahitaji kitu cha kuonyesha mchana kweupe, nanyi mmekaa chini yake mkinywa chai.

Gazeti hili litakufikia zikiwa zimebaki siku tisa. Mwambie mumeo leo, kabla hajalisoma gazeti hili, yote mawili, mabati na mimba. Kesho nendeni pamoja kwa baba yako, mpeni shikamoo yake, kisha mwambieni ana siku tatu za kwenda mwenyewe mbele ya chama aseme alichukua nini na akina nani wengine walichukua. Akikubali, msimwache azomewe. Akikataa, mabati yashuke hata hivyo, yabebwe mpaka mkutanoni, yapangwe muhuri ukionekana, na Ndesanjo adai daftari lisomwe palepale, tangu siku mkopo ulipoingia. Habari hiyo hiyo iandikwe kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na kila mwanachama atie sahihi. Ninyi ezekeni majani makavu ya migomba. Wazazi wenu walizaliwa chini yake. Baba yako atakuchukia mwaka mmoja, labda miwili, mpaka siku atakapompakata mjukuu.

Kuhusu lile jasho, ningependa kukuambia ni unyevu wa mlima tu. Mimi ni Mkristo. Lakini nilipokuwa msichana kwetu Kilema kilivunjwa chungu kimoja, na nyumba iliyokitunza ilikuwa na watu saba. Siandiki zaidi. Kitoeni chumbani kabla ya adhuhuri, kikiwa kizima, mkibebe wawili mkirudishe kwa Mzee Nanyaro, na njiani msizungumze. Asipokipokea, kiacheni mlangoni pake mwondoke bila kugeuka.

Na mumeo akikuuliza kwa nini ulimficha, usilie, wala usiseme ulinyamaza kwa kumpenda. Sema uliogopa. Kisha mpe nyundo, nawe umshikie ngazi.

Bibi Evaresta