Mkungu Uliorudi Nyumbani

Ihembe, Karagwe
Jumanne

Kaka Rwegoshora,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi na watoto, na kwamba joto la Mwanza halijawazidi. Sisi huku tunapumua. Mvua imetosha, mibuni imetoa maua hadi kando ya barabara, na mashine yangu ya kukoboa kahawa imepona baada ya kubadilishiwa mkanda. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likipata jua linanyamaza. Nimempa dereva wa basi barua kwa sababu juzi ulikata simu kabla sijamaliza. Ulisema habari za Cleophace zimekwisha.

Hazijakwisha, kaka.

Unajua yalivyoanza. Vijana wa kwaya walikwenda alfajiri kwake kuchukua ufunguo wa kanisa, wakafungua mlango bila hodi, wakamkuta na fundi seremala Ambrose. Ambrose alikimbilia Kyerwa siku hiyo hiyo. Mdogo wetu akabaki, na kinanda alichokuwa akipiga kanisani akapokonywa. Baraza la wazee likamtenga: hakuna meza ya Bwana, na akifa hakuna mchungaji wa kumzika. Akitaka kurudi kundini asimame mbele ya usharika, aitaje dhambi, aseme ameiacha, kisha atafute mke.

Mchungaji mwenyewe alikuja kwa Mama akalia machozi ya kweli. Alisema anampenda Cleophace kama mwanawe, lakini Neno ni Neno, wala si yeye aliyeliandika. Cleophace akamjibu kwa adabu kwamba kutubu anatubu. Jambo hili amelitubu peke yake tangu darasa la kipaimara na halijaondoka, sasa atawezaje kusimama kanisani amdanganye Mungu kwamba limeondoka? Mchungaji akaomba maji ya kunywa.

Nilidhani Cleophace atakaa mbali. Loo! Jumapili ya mavuno nikamwona anaingia na mkungu kichwani, ule wa mgomba ulio karibu na kaburi la Baba. Alikuwa ameuosha. Akauweka mbele pamoja na kuku na maboga ya watu, akaenda kukaa benchi la nyuma.

Mnada wetu unaujua. Hata yai moja hugombaniwa, maana sadaka iliyofika madhabahuni hairudi nyumbani. Mwinjilisti alikuwa anachangamsha watu kama kawaida yake. Jogoo wa Bibi Kokwijuka alimwita shemasi kwa jinsi anavyotembea, watu wakacheka mpaka wakakohoa. Akafika kwenye mkungu wa Cleophace, akauinua, akauliza nani aanze.

Hakuna aliyeanza.

Akauliza tena, akisema ndizi hazina kosa. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba atakayezila ataota ndevu au atazikosa. Wengine wakaziba midomo. Mama yetu akageuka akanitazama. Kila mwaka mimi ndiye ninayepandisha bei mpaka wenye magari wanakunja uso. Hata mwinjilisti aliacha kuwatazama wengine, akanitazama mimi. Pochi ilikuwa mapajani, imejaa.

Sikuinua mkono.

Ibada ilipokwisha, vitu vyote vikabebwa na walionunua, ule mkungu ukabaki peke yake sakafuni. Cleophace akaja akautwika kichwani, akatoka nao katikati ya watu, nao wakampisha njia kama wanavyopisha jeneza. Mama alimfuata kwa goti lile lile bovu. Nyumbani alizimenya, akazipika na maharage, wakala wawili. Nilipobisha hodi Mama hakuniambia karibu.

Jumatano Cleophace aliondoka. Ufunguo wa nyumba ameuacha juu ya kaburi la Baba. Simu yake haipatikani. Mama haendi tena kanisani. Wewe umesema kwako Cleophace hana nafasi. Nimeipiga hesabu hii kila upande, kaka, na kila upande inatoka sifuri.

Sasa utauliza, mbona mimi mwenye mdomo, niliyeanza na karai la dagaa nikafika kwenye mashine, niliogopa mkungu wa ndizi. Nitakuambia, kwa kuwa sina mwingine. Joyness, mnayemwita karani wangu, hakuwa karani tu. Miaka yote niliyowakataa wachumba mliowaleta, nilikuwa na yeye. Siku ile alikuwa amekaa pembeni yangu, akanifinya: nunua. Nami nikawaza kwamba nikiununua watu wataanza kujiuliza, na wakijiuliza hawatachelewa kumtazama yeye. Nilidhani namkinga.

Jioni ile alifunga nguo zake. Aliniambia, "Koku, kama mkungu wa ndugu yako umekushinda, mimi ungeninunua lini?" Amerudi kwao Igurwa. Nasikia posa imepokelewa.

Sikuombi unijibu haya. Wala usije kuniombea. Mchungaji ananiombea kila wiki nipate mume.

Jana wazee wa kanisa wamenichagua kusimamia mnada wa mwakani. Wamesema wanataka mtu asiye na doa. Nimekubali.

Wifi msalimie sana, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Gunia la maharage liko kwa dereva huyo huyo, lipokeeni mapema lisilowe.

Ni mimi mdogo wako,
Kokubanza