Njia ya Chooni ya Dada Zuhura

Jumatano

Fundi Haji bado kaninunia. Jana aliipiga niru ya saruji njia ya kwendea chooni ya dada yangu Zuhura mpaka ikang'aa kama kipara changu, akaniita niisifu. Nikamwambia, "Bwana we, huyu haoni, atateleza hapa avunjike nyonga." Akajibu ndiyo urembo wenyewe huo. Alipokwenda kuswali alasiri, nikachukua ufagio wa chelewa nikaikwaruza yote, saruji ikiwa bado mbichi.

Tangu Zuhura apofuke, mimi ndiye ninayempeleka chooni kwa mkono, naye huona haya. Leo kaikanyaga njia ile peku, polepole, akaenda na kurudi peke yake.

"Nenda zako barazani sasa," akaniambia. "Unanuka tumbaku."

Nimekwenda upesi, asije akanisikia ninavyovuta kamasi.