Gonga Sakafu Kabla ya Kupaka Rangi

Mjukuu wangu Swaleh,

Akuandikiaye ni babu yako, mwanamume ambaye papa wakimwona baharini humpisha njia. Alhamdulillahi, hapa Kuze sote wazima. Bibi yako meno yamepungua, maneno hayajapungua.

Umeuliza kama ununue hiyo boti kuukuu huko Kisumu. Nunua, lakini kwanza igonge sakafu kwa nyundo, shubiri kwa shubiri. Mlio ukiwa mkavu, mbao ni nzima. Ukiwa mzito, chini kumeoza.

Hayo alinifunza Fundi Omari nilipopata boti yangu ya kwanza, nayo ilikuwa kuukuu vilevile. "Igonge kabla hujaipaka rangi," aliniambia. Nikamjibu, "Fundi, kwani mimi kipofu?" Nikaipaka buluu, ikang'aa kama bwana harusi. Ijumaa nikampandisha mama yake bibi yako, aone kuwa mposaji ana chombo. Hatujafungua hata kamba, mguu wake ukatoboa sakafu ukazama mpaka pajani.

Tulipomtoa alicheka hadi machozi. "Mwanangu, binti nitakupa," akasema, "boti baki nayo mwenyewe." Namshukuru mpaka leo.

Fundi naye alikuja kesho yake bila kuitwa, akang'oa sakafu yote, akaniwekea mpya. Kila ninachojisifia katika boti nimekipata kwake. Lakini siku ile, mbele ya mama mkwe, Fundi mwenyewe amesimama palepale gatini, nilisema ni yeye aliyenihakikishia kuwa sakafu ni nzima. Alisikia, akaenda zake. Amekufa, Mungu amrehemu, na radhi sikumwomba.

Babu yako